Picha nane zilizofika moja

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Wanaopita mara kwa mara wamenitumia ujumbe kuuliza kama nimeoa au nimefukuzwa kazi. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa natengeneza kitu kilichoharibika, na aliyekiharibu ni mimi mwenyewe. Leo nataka kukieleza hadharani, maana nikitazama huku na huku naona vitu vya namna hiyo vimejaa na hakuna anayevisemea.

Kitu chenyewe ni fomu. Ile fomu ya kwenye tovuti ambayo unabofya kitufe, unachagua picha zako au vyeti vyako, unabofya "Tuma", unasubiri, halafu inakuambia asante. Najua wengine mmeshaanza kusema huyu leo kaishiwa habari. Vumilieni kidogo, kuna hela ya mtu ndani yake.

Kazini wananiita "mtaalamu". Utaalamu wenyewe ni kwamba chuoni, pamoja na uandishi wa habari, nilichukua somo moja la kutengeneza tovuti kwa sababu lilikuwa la asubuhi na mwalimu alikuwa hachukui mahudhurio. Basi. Tangu niajiriwe kwenye gazeti letu (silitaji, nina kodi ya chumba ya kulipa), printa ikigoma naitwa mimi, simu ya mhariri ikijaa naitwa mimi.

Mwanzoni mwa mwaka mhariri wa picha alifikia kikomo. Waandishi wetu wa mikoani walikuwa wakituma picha kwa WhatsApp, na WhatsApp, ukiituma picha kama picha, inaikamua. Inapunguza ukubwa wake, na inafuta yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili yanayosema picha ilipigwa lini na kwa kamera gani. Kwa kutazama kwenye simu haina neno. Lakini ichape safu nne ukurasa wa mbele uone: uso wa mtu unageuka ukuta wa vigae. Barua pepe nayo ina mpaka wake, Gmail kwa mfano inaishia megabaiti 25 kwa barua moja. Mhariri akaniita. "Mtaalamu, huwezi kututengenezea kitu kidogo tu, watu waweke picha zao, sisi tuzikute hapa?"

Nikasema naweza. Kijana ukiambiwa "kitu kidogo tu" mbele ya watu utasemaje?

Nikaitengeneza Jumamosi moja kwa PHP, lugha niliyofundishwa. Nikaijaribu kwa picha moja ya chai na vitumbua vilivyokuwa mezani pangu. Ikapita. Ikatokea "Asante, picha zako zimepokelewa." Jumatatu nikawasambazia waandishi wa mikoani anwani yake, nikarudi kwenye habari zangu za baraza la madiwani nikijiona mtu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasiofanya kazi magazetini hawalijui. Wengi wa waandishi wa mikoani hawajaajiriwa. Kwetu wanalipwa kwa kipande: habari iliyotumika, picha iliyotumika. Picha ambayo haijamfikia mhariri haikutumika, na ambayo haikutumika haina malipo. Nauli ya bodaboda ni yake, bando ni lake, chakula cha njiani ni chake. Kwa hiyo fomu niliyoitengeneza na vitumbua mkononi ilikuwa imegeuka dirisha la mishahara ya watu, na mimi sikujua.

Wiki tatu baadaye ikaingia simu kutoka Lindi. Ni mzee mmoja aliyeanza kutuandikia kabla mimi sijajua kusoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Hivi hizo picha zangu huko mnazila?"

Akanieleza. Alikwenda kwenye mnada wa korosho, akapiga picha nyingi, akachagua nane: wakulima wamekaa chini ya mwembe wakisubiri bei, magunia kwenye mizani, mama mmoja kashika karatasi yake kwa mikono miwili. Akazituma. Fomu ikamshukuru. Mhariri akapata moja tu, na ni ile ya mwisho, mgongo wa lori. Mzee akapigiwa simu kuulizwa kwa nini kasafiri kutwa nzima kwenda kupiga picha lori. Akatuma tena. Ikaja lori. Akapanda mahali penye mtandao mzuri zaidi akatuma mara ya tatu. Lori.

Na mimi, mtoto wa mjini, bila hata kufungua kompyuta, nikamjibu hivi: "Mzee, huo utakuwa mtandao wa huko kwenu."

Akakubali! Akasema kweli mwanangu, mtandao wa huku unasumbua. Akaniombea heri, akakata simu. Sentensi ile bado inanikera nikiikumbuka, maana ilikuwa uongo, na niliitoa kwa urahisi kwa sababu inakubalika. Mtu wa mkoani akisema kitu hakijafika, jibu liko tayari mdomoni: mtandao wa kwenu. Hakuna anayeuliza zaidi.

Usiku ule sikulala vizuri, nikaamka nikaifungua ile programu. Sasa hapa nitawapeleka kidogo jikoni.

Novemba 1995 watu wawili wa kampuni ya Xerox huko Marekani, Ernesto Nebel na Larry Masinter, walitoa waraka unaopendekeza jinsi fomu ya tovuti inavyoweza kubeba faili. Utaratibu wao ndio tunaoutumia mpaka leo, ukiwa umerekebishwa njiani. Toleo lake la 2015 liliandikwa na Masinter huyo huyo. Unafanya kazi kama mtu anayepakia gunia. Kivinjari kinachukua kila ulichojaza na kila faili ulilochagua, kinavitia vyote ndani ya gunia moja. Kati ya kitu na kitu kinaweka alama ya mpaka, mstari wa herufi na tarakimu za ovyo ovyo ambao si rahisi ujitokeze wenyewe ndani ya picha. Mdomoni mwa gunia kinatangaza alama yenyewe ni ipi. Na kila kitu kinafungwa kikaratasi: wewe unatoka kwenye sehemu gani ya fomu, jina la faili lako ni nani, ni wa aina gani. Seva ikipokea gunia inatafuta alama, inakata, inasoma vikaratasi.

Tangu waraka ule wa 1995 walikwishafikiria kwamba mtu anaweza kuchagua faili nyingi kwa mara moja. Vivinjari ndivyo vilivyochelewa. Firefox ilianza kuruhusu hilo kwenye toleo la 3.6 mwaka 2010, Internet Explorer ikangoja mpaka toleo la 10 mwaka 2012. Kabla ya hapo, kaka zangu wa kazini wananisimulia, fomu ilikuwa na vitufe vitano vimepangwa kama meno, na kila kimoja unachagulia faili lake. Leo ni neno moja tu, "multiple", unaliandika ndani ya fomu na mtu anachagua picha nane kwa pamoja. Nililiandika. Ndiyo maana mzee aliweza kuchagua nane.

Nilichosahau ni mabano. Mabano ya mraba mawili, hivi: []

Picha zote nane zilisafiri na kikaratasi kinachosema "picha". PHP ikikutana na vitu viwili vyenye jina moja, cha pili kinakalia cha kwanza. Cha tatu kinakalia cha pili. Inabaki ya mwisho, lori. Ili ijue kwamba hiyo ni orodha, jina lazima liandikwe "picha[]". Basi, hayo tu. Na kwa kuwa mimi nilijaribu kwa picha moja ya vitumbua, kosa lisingeweza kuonekana. Ukituma moja, ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Angalieni maana yake. Picha nane za mzee zilitoka Lindi zikafika zote kwenye seva. Mtandao wa "huko kwao" ulifanya kazi yake mara tatu bila kosa, picha ishirini na nne. Aliyezitupa saba mlangoni ni mimi. Kila mara.

Nikaongeza mabano. Nikajaribu kwa nane. Zikaingia nane. Nikasema kazi imekwisha. Ebo!

Siku nne baadaye dada mmoja wa Kanda ya Ziwa, ambaye ana kamera ya maana, akatuma picha tano, kila moja kama megabaiti nne. Akasubiri mpaka simu yake ikapata joto. "Asante, picha zako zimepokelewa." Mhariri hakupata hata moja. Hata maelezo ya picha aliyoyaandika, majina ya watu wote waliosimama kutoka kushoto, hayakufika. Dada yule si mzee wa Lindi. Alinipigia akinisema kabla sijamaliza kuitikia.

Kumbe PHP inapotoka kiwandani inakuja na mipaka yake. Faili moja lisizidi megabaiti 2. Gunia zima lisizidi megabaiti 8. Ni namba za zamani. Picha moja ya simu ya leo peke yake inaweza kuvuka ule mpaka wa kwanza. Faili moja likizidi, PHP inalikataa lakini inaandika pembeni namba ya kosa. Kila faili lina namba yake: 0 ni salama, 1 ni kubwa mno, 3 ni limefika nusu, 4 ni hakuna kilichotumwa. Gunia zima likizidi, mambo ni mabaya zaidi. PHP inaweka pembeni kila kitu, picha na maandishi, halafu inaiendesha programu yako kana kwamba mtu amefungua ukurasa akabofya bila kujaza chochote. Programu yangu ikahesabu picha sifuri, ikazihifadhi zote sifuri kwa uaminifu, ikasema asante.

Kwa hiyo seva ilijua. Kuna mahali iliandika kwamba gunia limezidi. Ni mimi ambaye sikuuliza, na mimi kazi yangu ya kila siku ni kuuliza. Diwani akiniambia fedha za zahanati zimefika nitataka kuona risiti, lakini fomu yangu mwenyewe niliiacha iseme imepokea bila kuonyesha imepokea nini.

Linganisheni na Nginx, programu ya seva inayotumika sana duniani. Hiyo usipoigusa inakataa gunia linalozidi hata megabaiti moja. Ni bahili kuliko PHP! Lakini ikikataa inasema imekataa, inarudisha namba 413 na ukurasa mbaya wa Kiingereza usio na heri. Mtu anakasirika, anajua. Mimi leo naona afadhali ukurasa ule mbaya kuliko asante yangu.

Nikapandisha mipaka. Akatokea mwingine, wa Nyanda za Juu, kapiga sherehe ya shule picha 26. Zikafika 20 kamili. Ndiyo, kuna mpaka wa idadi pia: faili 20 kwa mara moja. Huu nao uliwekwa mwaka 2009 kwa sababu nzuri tu, kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza kutuma maelfu ya vifaili vidogo kwa mpigo mmoja na kuizidishia seva kazi mpaka ichoke. Sina ugomvi na mipaka. Mlango wowote una kimo chake. Ila zile sita zilikufa kimya, na aliyezituma aliendelea kuamini ziko kwetu.

Halafu lile la majina. Kamera nyingi zinaita picha kwa namba tu, IMG na tarakimu nne. Watu wawili wa mikoa miwili wakatuma IMG_0012 siku moja. Mimi nilikuwa nahifadhi kwa jina lile lile alilokuja nalo, kwa hiyo ya pili ikaifuta ya kwanza, na maelezo ya ya kwanza yakabaki. Tulikuwa tumebakiza dakika chache gazeti liende mtamboni likiwa na picha ya golikipa chini ya maneno yanayosema ni mwenyekiti wa kijiji akizindua kisima. Mhariri msaidizi, Mungu amzidishie macho, alishangaa mwenyekiti kuvaa glavu. (Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo kwenye kuamini jina la faili. Mtu anaweza kutuma programu badala ya picha, ikiishia na .php, na ukiihifadhi mahali pa wazi kwa jina lake, kesho yake anaiita kwa anwani na seva yako inamtii yeye. Usihifadhi jina la mgeni. Mpe jina lako.)

Sasa nije kwenye ninalotaka kusema.

Mnakumbuka, au mmesimuliwa, kwamba zamani picha za mikoani zilikuja Dar kwa basi? Filamu ndani ya bahasha, mtu anaipeleka ofisi ya mabasi jioni, asubuhi mwingine anakwenda kuichukua Ubungo. Na vifurushi vinasafiri kwa basi mpaka leo, ila sasa unavifuata Mbezi. Nenda kampuni yoyote ya basi na vifurushi vitatu. Karani wa mizigo atavihesabu mbele yako. Ataandika tatu. Atakukatia kipande cha karatasi, kingine atabandika kwenye mzigo. Vikifika viwili, unacho kipande kinachosema tatu, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Karani yule hajasoma somo la tovuti asubuhi. Lakini anajua kwamba kupokea mzigo wa mtu bila kuhesabu ni kutafuta ugomvi.

Fomu zetu hazihesabu. Na si zetu za magazetini tu, yangu ni kijiko katika bahari. Leo kijana akiomba chuo, akiomba mkopo wa kusoma, akiomba kazi, akitaka zabuni ya kusambaza viti, anaambiwa apakie: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, picha ndogo, barua ya serikali ya mtaa. Faili tano, sita. Mwisho saa sita usiku. Yuko kwenye kibanda cha mtu anayemtoza kwa kila ukurasa anaouchanganua, foleni nyuma yake. Anabofya. "Ombi lako limepokelewa." Limepokelewa lipi? Vyeti vyote vitano? Vinne? Kama mtu aliyeitengeneza aliijaribu kwa vitumbua kama mimi, yule kijana atakuja kusikia miezi miwili baadaye kwamba ombi lake halikukamilika, au hatasikia kitu kabisa. Na akilalamika ataambiwa nini? Mtandao wa kwenu.

Mimi nasema hivi: fomu inayopokea faili zaidi ya moja na kujibu kwa neno moja la shukrani haijamaliza kazi yake, na aliyeitengeneza asilipwe. Itaje ilichopokea. Jina kwa jina, ukubwa kwa ukubwa, nane kati ya nane, au saba kati ya nane na hii hapa ya nne imekataliwa kwa sababu ni kubwa mno. Simu ya mtumaji inajua amechagua ngapi. Kivinjari kinaweza kuihesabu kabla ya kutuma na kuipeleka idadi hiyo kama maandishi ya kawaida. Seva ijue ngapi zimefika. Namba mbili, linganisha. Kweli hicho ni kitu cha kumshinda mtu mwenye digrii?

Rafiki yangu mmoja ambaye kompyuta ndiyo kazi yake halisi alinisikiliza, akacheka. Akasema unajitesa, waambie watu wote watumie hifadhi za Google watume kiungo, au waitume WhatsApp kama waraka badala ya picha, haitakamuliwa. Ni kweli, haikamuliwi. Ninyi mnaosoma hapa mnaweza kufanya hivyo mkiwa mmelala. Lakini jibu hilo linahamishia kazi kwa mtumaji tena. Mzee wa Lindi ajifunze kufungua akaunti, ajifunze kutoa ruhusa ya kiungo, ajifunze tofauti ya picha na waraka, ili mimi nisiandike mistari kumi ya programu. Na kijana wa vyeti hana hiari hiyo, anayeita maombi ndiye anayechagua mlango.

Hoja yake ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Alisema hata ukihesabu, gunia moja la megabaiti 32 likikatika kwenye 30 linaanza upya, na hapo kweli ni mtandao. Hapo alinikamata. Picha nane za megabaiti nne ni megabaiti 32, na kwenye mtandao unaopandisha megabiti moja kwa sekunde hizo ni dakika nne na ushee za kuomba Mungu. Kukatika ni kitu cha kawaida. Lakini kwa nini gunia liwe moja? Kivinjari cha leo kinaweza kutuma kila picha kwa safari yake, moja ikifika inatiwa tiki, inayofuata inaondoka. Ikikatika kwenye ya sita, tano ziko salama. Mtu harudii nane. Na kwa faili kubwa zaidi, video kwa mfano, kuna utaratibu uliowekwa wazi kwa yeyote kutumia unaoitwa tus, ulioanzishwa 2013. Mtumaji akirudi hewani anaiuliza seva kwanza: faili hili umeshapata baiti ngapi? Seva inataja, naye anaendelea kutoka hapo. Sawa na mpiga hadithi aliyekatizwa na umeme: "Tulifikia wapi vile?"

Wiki tatu nilizopotea nilikuwa nafanya hayo. Si mengi. Kila picha inakwenda peke yake, kila moja inapewa jina letu, namba ya kosa inasomwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili cha kueleweka, na mwisho inatoka risiti ambayo mtu anaweza kuihifadhi. Neno "Asante" nimeliacha, lakini lipo chini, baada ya hesabu. Tus sijaiweka bado, nawaogopa watu wa video.

Limebaki la hela. Nilikwenda kwa mhasibu nikakiri kila kitu, nikasema wapo watu walituma picha na kosa ni letu. Akanisikiliza vizuri, mama wa watu, akaniuliza: "Zilikuwa ngapi na zilikuwa za nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu programu yangu haikuandika popote kilichoingia na kilichotupwa. Hakuna kumbukumbu, hakuna malipo. Sikuweza hata kumbishia.

Ikabidi nimpigie mzee. Safari hii nilianza na kuomba radhi. Nikamwambia mtandao wa kwao hauna kosa, mwenye kosa ni mimi. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilikwishanunua laini ya kampuni nyingine."

Picha alikuwa nazo. Alizitia kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi akaitia kwenye bahasha, bahasha akaipeleka ofisi ya basi. Nikaifuata Mbezi mwenyewe na kipande cha risiti kilichopigwa picha: bahasha 1. Mhariri alitumia tatu kwenye makala ya korosho, yule mama mwenye karatasi akatoka ukurasa wa kati, na zile tatu mzee amelipwa. Za wale wengine bado nabishana nazo ofisini.

Sasa hivi mzee anatumia fomu mpya. Juzi katuma picha tisa, ikamwandikia tisa kati ya tisa, majina yote chini. Akaipiga picha risiti ile kwenye kioo cha simu yake kwa simu ya mjukuu, akanitumia kwa WhatsApp, halafu akanipigia kuniuliza kama nimeiona.